Kwa Nini Ziwa Halijai Sangara Watupu

Muhula uliopita, tulipokuwa tukitoka bwaloni baada ya chakula cha mchana, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili alinifuata akaniuliza swali. Siku ile tulikuwa tumekula ugali na dagaa, kama ilivyo ada, na wenziwe walikuwa wakinung'unika. Akasema, "Mwalimu, katika ziwa letu mna sangara wanaofika kilo 50 na zaidi. Kwa nini wasiachwe wakazaana wakajaa ziwa lote, hawa wadogo wadogo wakaisha, nasi tukala minofu kila siku?"

Wenziwe wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali lile ni kubwa. Zamani watu wazima wenye elimu na vyeo waliuliza jambo lile lile, na ziwa letu likageuzwa kwa sababu ya jibu walilolichagua. Nikamwahidi kwamba nitamjibu kwa maandishi katika gazeti letu hili, ili wenzake wasome, na wazazi wasome pia.

CHANZO NI JUA

Ukienda pale penye Mwamba wa Bismarck ukachota maji ya ziwa katika chupa ya kioo, ukayainua kwenye mwanga, utaona ukijani hafifu. Ukijani ule ni mwani, yaani mimea midogo sana ambayo macho peke yake hayawezi kuona mmoja mmoja. Mimea hiyo hufanya kazi ile ile ifanywayo na mahindi shambani: hushika nuru ya jua, na kwa maji na hewa ya ukaa ikajitengenezea chakula. Sehemu inayoshikwa ni ndogo mno, yapata moja katika mia ya nuru inayoangukia maji, na mara nyingi ni pungufu ya hapo. Lakini kwa sehemu hiyo ndogo karibu viumbe vyote vya ziwani huishi.

Mwani huliwa na vijidudu vya majini, vidogo kama chembe za chumvi. Vijidudu huliwa na dagaa. Dagaa huliwa na sangara. Sangara huliwa na mtu. Safu hii twaiita mnyororo wa chakula, na kinachopita ndani yake kutoka mkono mmoja hadi mwingine ni nguvu ya jua, ambayo katika vitabu vya siku hizi huitwa nishati.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo jibu lilipo. Nguvu hii haipiti yote. Kila mkono inaopitia hubakiza kidogo tu cha kumpa wa mbele. Mwaka 1942 ilichapishwa makala ya kijana wa Kimarekani, Raymond Lindeman, aliyekuwa amechunguza ziwa dogo la huko Minnesota kwa miaka kadhaa. Alifariki mwaka ule ule kabla makala yake haijatoka, naye hajatimiza miaka 27. Yeye alifanya hesabu ya ziwa kama mwenye duka afanyavyo hesabu ya mapato na matumizi, akaonyesha jinsi nguvu inavyopungua kila hatua. Tangu hapo wataalamu hukadiria kwamba katika sehemu kumi zilizoliwa, yapata moja tu ndiyo igeukayo kuwa mwili wa mlaji. Pengine ni zaidi kidogo, pengine ni pungufu, lakini moja katika kumi ni kadirio jema la darasani.

Je, zile tisa huenda wapi? Jiulize wewe mwenyewe. Labda muhula huu umekula debe zima la unga. Je, umeongezeka uzito wa debe zima? Hata kidogo. Unga mwingi umeuchoma katika kutembea, kupumua, kucheza mpira, kufikiri na kuupasha mwili wako joto. Na sehemu nyingine umeiacha chooni. Dagaa naye anaogelea, anapumua, anakimbia adui. Akiliwa, aliyemla hawezi kuirudisha nguvu aliyokwisha kuitumia.

Basi tuandike hesabu:

Mwani kilo 10,000 hujenga vijidudu kilo 1,000.
Vijidudu kilo 1,000 hujenga dagaa kilo 100.
Dagaa kilo 100 hujenga sangara kilo 10.
Sangara kilo 10 hujenga mtu kilo 1.

Tazama mstari wa tatu. Kama mtu angewala wale dagaa kilo 100 yeye mwenyewe, angejijenga kilo 10, siyo kilo 1. Mwani ule ule unaomlisha mla sangara mmoja ungeweza kuwalisha wala dagaa kumi.

Ndiyo maana wala nyama wakubwa ni wachache popote duniani. Hapo Serengeti, jirani zetu wa mashariki, mna nyumbu zaidi ya milioni moja, lakini simba ni elfu chache tu. Ziwa la sangara watupu ni kama mji wenye wachuuzi watupu na mkulima hata mmoja hakuna. Watauziana nini?

FURU WA UTOTO WANGU

Mimi nilikulia Kayenze, ufukoni mwa ziwa. Mwaka 1982 nilikuwa darasa la tatu. Tukitoka shule tulikimbilia miambani na ndoana ndogo na kipande cha nyungunyungu, na kabla jua halijatua kila mtoto alikuwa na mtungo wa furu. Furu ni samaki wadogo, wengi wao hawazidi urefu wa kiganja. Mama yangu aliwapasua akawaanika juu ya mawe, na jua likamaliza kazi. Hakuhitaji kuni wala mafuta. Waliokauka aliwapeleka mnadani, na fedha zile ndizo zilizoninunulia daftari.

Sisi watoto tulidhani furu ni samaki mmoja. Kumbe wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 500 katika ziwa hili, na karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Na kila aina ilikuwa na kazi yake. Wapo waliokwangua mwani mawe­ni, wapo waliokula tope la chini pamoja na masalia ya mwani uliokufa, wapo waliovunja konokono kwa meno ya kooni, wapo waliokula wadudu, wapo waliowinda furu wenzao, na wapo hata waliokula magamba ya samaki wengine bila kuwaua. Kwa hiyo kila upande wa ziwa, juu na chini, miambani na matopeni, palikuwa na furu wa kuipokea nguvu ya jua na kuipitisha mbele. Uchunguzi wa nyavu za kukokota uliofanywa yapata mwaka 1970 ulionyesha kwamba katika kila kilo 10 za samaki waliovuliwa karibu na sakafu ya ziwa, zaidi ya kilo 8 walikuwa furu.

Lakini mbele ya wakubwa wa enzi ya ukoloni furu hawakuwa na heshima. Walikuwa wadogo na wenye miiba mingi. Wakasema: tulete samaki mkubwa awale hawa, awageuze kuwa minofu. Ndilo swali la mwanafunzi wetu.

Si kwamba hakuna aliyeonya. Bwana Michael Graham, aliyelikagua ziwa mwaka 1927 na 1928, aliandika kwamba kuleta samaki mkubwa mla samaki bila utafiti wa kutosha ni hatari kubwa. Mwaka 1960 Bwana Geoffrey Fryer, aliyekuwa mtafiti Jinja, alitumia hesabu ile ile niliyoiandika hapo juu. Alisema kwamba mla samaki hawezi kamwe kuwa na uzito sawa na samaki aliowala. Kwa hiyo ukimweka katikati ya mtu na furu, umeongeza mkono mmoja wa kupoteza nguvu. Lakini tangu mwaka 1954 sangara walikwisha kutiwa ziwani upande wa Uganda, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakatiwa wengine. Sato tunayemsifu leo naye ni mgeni, aliletwa miaka ile ya 1950.

Kwa miaka mingi sangara hakuonekana kuwa kitu. Kisha, katikati ya miaka ya 1980, akajaa upande wetu wa Mwanza. Nilipomaliza darasa la saba, mwaka 1986, ndoana zetu pale miambani zilikuwa zikirudi tupu. Mama akaacha biashara yake. Tukisema kweli, sangara hakufanya kazi ile peke yake, kwa sababu tangu miaka ya 1970 merikebu za nyavu za kukokota zilikuwa zikivua furu wengi katika Ghuba ya Mwanza ili wasagwe kuwa chakula cha mifugo. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, waliofanya kazi katika ghuba hiyo tangu mwaka 1977, pamoja na wenzao wa Tanzania, waliwaona furu wakipotea mbele ya macho yao. Inakisiwa kwamba aina 200 hivi katika ziwa zima zilitoweka.

UZI MMOJA UKIKATIKA

Mnyororo wa chakula si uzi mmoja, bali ni kama wavu: ukikata jicho moja, mengine yote hulegea au hukaza. Tazameni yaliyofuata.

Furu waliokula vijidudu walipokwisha, dagaa wakabaki bila mshindani, wakaongezeka sana. Furu waliokula masalia ya chini walipokwisha, uduvi wadogo wa ziwani wakashika nafasi yao, wakawa wengi ajabu. Sangara, baada ya kuwamaliza furu, akageukia uduvi, dagaa, na watoto wake mwenyewe.

Hata ndege waliguswa. Mnamjua mdiria mweusi na mweupe, yule anayesimama hewani akipiga mbawa kabla ya kujitupa majini. Watafiti wa hapa Mwanza walichunguza mabonge ya miiba anayoyatapika, wakaona kwamba zamani alikula furu, na baadaye akala dagaa. Dagaa ni mwepesi kuliko furu, kwa hiyo mdiria alilazimika kukamata samaki wengi zaidi kila siku ili ashibe kama zamani. Ndege yule hakumwona sangara wala sangara hakumgusa, lakini alilipa.

Miti nayo ililipa. Sangara ni mkubwa na ana mafuta mengi. Huwezi kumwanika juani kama furu. Hapana budi umkaushe kwa moshi au umkaange, na vyote viwili vyataka kuni. Baadaye, viwanda vya minofu vilipoanza mjini, nyama ikapanda ndege kwenda Ulaya, na watu wengi wa hapa wakabaki na mapanki, yaani kichwa, miiba na mkia.

Wakati huo huo maji yakazidi kuwa ya kijani, kwa sababu ya mbolea asilia ya udongo uliochukuliwa na mvua kutoka mashambani, moshi wa mioto na uchafu wa miji. Mwani mwingi usioliwa hufa ukazama. Huko chini hulika na bakteria, nao wanapofanya kazi yao ya kuozesha huvuta hewa yote ya kupumulia, hata samaki wasiweze kukaa. Juu, maji yaliyofifia yakaleta shida nyingine: furu wa kike humtambua mume wa aina yake kwa rangi, na asipoona vizuri hukosea. Hivyo aina mbili huchanganyika zikawa moja.

Msidhani ninasema kila mgeni ni mbaya. Magugu maji kutoka Amerika ya Kusini yaliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, yakaziba mialo yetu hata mitumbwi ikashindwa kutoka. Wakaletwa mbawakavu wadogo kutoka kwao yalikotoka, na kufika mwaka 2000 magugu yalikuwa yamepungua sana. Hali ya hewa nayo ilisaidia. Mbawakavu yule amefungwa na gugu lile, hana shughuli na mimea yetu. Watu walihakikisha hilo kwanza ndipo wakamwachia. Sangara hana adui ziwani ila mtu, na hula kila kinachoingia kinywani. Kabla ya kumkaribisha mgeni, muulize anakula nini.

JE, BWANA FRYER ALIKOSEA?

Mwanafunzi mwerevu atanipinga. Atasema, "Mwalimu, mbona samaki waliovuliwa waliongezeka?" Ni kweli. Katika miaka ya 1970 ziwa zima lilitoa yapata tani 100,000 kwa mwaka. Kufika mwaka 1990 zilikuwa yapata 500,000. Watu wengi walijenga nyumba na kusomesha watoto kwa fedha ya sangara, na mimi siwezi kuwadharau.

Lakini hesabu haikukosea. Kwanza, sangara alikuwa akila akiba ya furu iliyokuwapo kwa karne nyingi, na mtu anayekula akiba huonekana tajiri kwa muda. Pili, watu waliongeza nyavu, mitumbwi na mashine. Tatu, maji yenye mbolea yalizaa mwani mwingi zaidi, na sehemu yake ilimfikia sangara kwa njia fupi ya uduvi. Na tazameni lililotokea baadaye: mavuno ya sangara yalifika kileleni yapata mwaka 1990, na siku hizi katika mavuno ya ziwa zima dagaa ndio wanaoongoza kwa uzito. Yule mdogo aliye karibu na mwani amempita yule mkubwa aliye mbali. Ziwa lenyewe limefanya hesabu na kutuonyesha jibu.

TULIYOYAONA MWALONI

Sikutaka waniamini kwa maneno tu. Jumamosi moja niliwachukua wanafunzi 11 hadi mwaloni Kirumba. Tukawaamkia akina mama wanaosafisha samaki, tukawaomba turuhusiwe kufungua matumbo ya sangara kabla hayajatupwa. Mmoja akasema, "Mwalimu, wengine huja kununua samaki, nyie mwanunua matumbo?" Lakini alitupa, tena bure.

Tulifungua matumbo 14. Matano yalikuwa matupu, maana sangara akivutwa haraka kutoka kilindini hutapika. Manne yalikuwa na dagaa. Matatu, ya samaki wadogo, yalikuwa na uduvi. Moja lilikuwa na sangara mchanga, urefu wa kidole. Yule mwanafunzi wa swali alimwinua akauliza, "Mwalimu, amekula mwanawe?" Nikamjibu kwamba sangara hana mwana, ana chakula kikubwa na chakula kidogo.

Katika tumbo la mwisho palikuwa na samaki mmoja mfupi, mwenye pezi la mgongoni lenye miiba. Wote 11 walimtazama, wasimjue, nao ni watoto wa Mwanza. Nilimwosha nikamweka kiganjani. Alikuwa furu. Baadhi ya aina zao, hasa wale wanaokula vijidudu, zilianza kurudi katika miaka ya 1990 baada ya sangara kuvuliwa sana. Nikawaeleza habari za mama yangu na mawe ya Kayenze, na kwa muda hakuna aliyezungumza.

Tuliporudi, yule kijana alikaa kimya garini. Jioni akaniletea daftari. Alikuwa ameandika kwamba baba yake huvua dagaa kwa taa usiku wa giza, na kwamba magunia mengi hununuliwa na watu wa chakula cha kuku. Chini yake ameandika: "Dagaa, kuku, mtu. Mwalimu, hapa tumeongeza mkono mwingine. Je, si kosa lile lile?"

Sikumsahihisha, maana hakukosea. Kuku wana faida zao, na mvuvi hana budi kumwuzia anayelipa. Lakini nawaomba wazazi: msimwone mtoto kwamba ni maskini kwa kuwa amekula dagaa. Dagaa mzima, na miiba yake, humpa mtoto nyama na chokaa ya mifupa kwa bei ndogo, na ziwa halitozwi kodi ya mikono mingi. Tena msinunue sangara aliye chini ya sentimeta 50. Sheria yakataza, na sababu yake ni njema: wengi wa ukubwa ule hawajazaa bado. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ziwa ni mali, na daftari lake ndilo hili tulilolifungua.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Andika mnyororo wa chakula unaoanza na mwani na kuishia kwa mdiria. Una mikono mingapi?
2. Ikiwa ghuba ina mwani kilo 50,000, yaweza kujenga dagaa kilo ngapi? Na sangara kilo ngapi?
3. Kwa nini mwani mwingi mno waweza kuwaua samaki?
4. Mbawakavu wa magugu maji na sangara wote ni wageni walioletwa ziwani. Eleza tofauti zao mbili.
5. Muulize babu au bibi yako ni samaki gani waliokuwa wakiliwa nyumbani kwake zamani ambao leo hawaonekani. Andika majina yao, uyalete darasani.